Herufi sita, maneno mangapi?

Chukueni neno KITABU. Lina herufi sita. Andikeni kila herufi katika kipande chake cha karatasi, zichanganyeni mezani kama mama achanganyavyo maharagwe katika ungo, kisha jaribuni kuzipanga upya. Msiongeze herufi wala msipunguze. Mwenye subira ataona KATIBU. Herufi ni zile zile! Akitazama tena ataona KABUTI, yaani koti zito la kuvaa wakati wa baridi. Na mwenye akiba kubwa ya maneno kichwani atapata TIBUKA: ndivyo yafanyavyo maji ya kisima mtoto akiyakoroga kwa fimbo.

Sasa tazameni jambo la kustaajabisha. Kitabu na katibu ni ndugu kweli. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, katika shina moja lenye maana ya kuandika: kitabu ni kilichoandikwa, katibu ni mwenye kuandika. Lakini kabuti si ndugu yao hata kidogo. Hilo limefika kwetu kwa njia yake lenyewe, pamoja na nguo. Na tibuka halimjui hata mmoja kati yao. Basi herufi zaweza kuwa zile zile, na udugu usiwepo. Ukitaka kujua neno ni mtoto wa nani, haitoshi kulitazama uso. Lazima uulize maana yake, na uulize kwa wale wanaolitumia. Habari hii ya kuuliza ndiyo ninayotaka kuwaeleza, kwa sababu huku kwetu imewahi kumgharimu mtoto wa watu.

Mimi ni katekista katika parokia moja ya Kivu ya Kusini. Mchezo huu wa herufi nimeucheza na vijana kwa miaka kadhaa, siku ya Jumamosi baada ya mafundisho. Hapo mwanzo tulikuwa na sanduku la mchezo uitwao Scrabble, alilotuletea mfadhili mmoja wa Ubelgiji. Mchezo huo ulibuniwa na Mmarekani, Alfred Butts, mchora ramani za majengo aliyekosa kazi katika ile miaka ya dhiki iliyoanza mwaka 1929. Mtu yule alikaa akahesabu herufi katika magazeti, ajue zipi hutumika sana na zipi hutumika mara chache. Mwaka 1938 mchezo wake ulikuwa umekamilika, na jina la Scrabble lilipatikana mwaka 1948. Hesabu yake ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa hesabu ya Kiingereza. Wafaransa walilazimika kuhesabu upya kwa lugha yao.

Sanduku letu lilikuwa la Kifaransa. Vipande 102. E peke yake vipande 15! Na K ngapi? Moja. W ngapi? Moja. Sasa niambieni, Mswahili atafanya nini na K moja? Hawezi kuandika KUKU, wala KAKA, wala KIKOMBE. Akitaka kuandika WAWILI atabaki na mmoja. Ni kweli kuna vipande viwili vitupu vinavyoweza kushika nafasi ya herufi yoyote, lakini hivyo huisha upesi kama chumvi ya mjane. Vijana walicheka, kisha wakachoka. Tukamshukuru mfadhili wetu, tukaweka sanduku lake juu ya kabati, tukakata maboksi ya sabuni na kujiandikia herufi zetu wenyewe. A tuliziandika nyingi kuliko zote. Q na X hatukuziandika kabisa. C tuliiandika, lakini huyo ni mtu aliyefunga ndoa: hatembei bila H.

Kutafuta maneno ya Kiswahili katika herufi zilizochanganywa kuna ufundi wake, na vijana waliugundua wenyewe kabla sijawafundisha. Neno letu halipendi kufungwa kwa konsonanti. Karibu kila mara humalizika kwa vokali. Kwa hiyo kijana mwerevu kwanza huzitenga vokali upande mmoja na kujiuliza ipi itakaa mwisho. Kisha hutafuta konsonanti zinazopenda kufuatana: N na G, M na B, N na D, N na Y, S na H. Kisha hutazama kama kuna M ya kuweka mbele, au K na I, au W na A, kwa kuwa huko ndiko majina huvalia kofia zao. Mtoto anayetafuta hivi hapapasi gizani.

Watu wa pwani wana mchezo wa jamaa hii, waliouita kinyume: silabi ya mwisho hutangulizwa mbele, nyumba ikawa mbanyu, na asiyejua siri haelewi kitu. Edward Steere, Mwingereza aliyekuwa baadaye askofu wa Kanisa lao Unguja, aliandika habari yake katika kitabu chake cha lugha mwaka 1870. Lakini katika kinyume unaficha neno ulilo nalo. Sisi tunatafuta tusilo nalo.

Siku moja niliwapa neno MLANGO. Herufi sita tu, tena vokali mbili peke yake. Nikadhani watapata maneno matano. Wakapata LANGO, NGOMA, NGAO, MGAO, MLO, MNO, LONGA, GOMA, NOGA, ONA, OGA, NOA na MOLA. Mmoja akauliza kama NG'OA linahitaji kipande cha ile alama ya juu. Nikasema halihitaji, nalo likaingia.

Hapo ndipo kanuni yetu ya Jumamosi hufanya kazi: neno lisiloelezwa maana halina alama hata moja. Wengi wa kwanza walinung'unika. Walitaka kupanga herufi tu, neno likisikika kama Kiswahili liandikwe. Nikawaambia: kama hujui maana yake, hujaliokota neno, umeokota herufi.

Na kueleza maana si kazi nyepesi! Seminarini tulifundishwa kwamba anayetaka kueleza kitu aseme kwanza ni cha jamaa gani, kisha aseme kinachokitenga na ndugu zake. Maneno haya niliyaimba kwa Kilatini usiku kabla ya mtihani, lakini sikuyaelewa sawasawa mpaka nilipowasikia watoto wa Jumamosi. Mmoja alisema: «Ngao ni kitu cha askari.» Mwenzake akamjibu: «Hata bunduki ni kitu cha askari. Hata viatu.» Wakabishana, wakatupa, wakaokota, mwisho wakaandika: ngao ni kitu kigumu ambacho mpiganaji hukishika kwa mkono mmoja ili mkuki au rungu visimfike mwilini. Sidhani kama mwenye shahada angeongeza neno.

Mtoto mwingine alipoulizwa GOMA ni nini, alisema: «Goma ni kwa shangazi yangu.» Tukacheka wote, kwa sababu mji wa Goma ni kweli uko, na shangazi yake ni kweli yuko huko. Lakini majina ya miji hatuyapokei. Akafikiri kidogo, akasema: «Basi goma ni kukataa, na kukaa pale pale.» Vizuri sana. MNO lilitusumbua kuliko yote. Hilo si kitu cha kushika. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili, ambaye kwa kawaida husinzia, akainua mkono akasema: «Mno ni sana iliyovuka mpaka.» Nimeliandika jibu lake katika daftari langu, nalo liko mpaka leo.

Na MLANGO wenyewe? Msidhani ni rahisi. Mvulana mmoja alisema mlango ni ubao wa kufungia nyumba. Msichana akamwuliza: «Basi nyumba ambayo bado haijatiwa ubao, watu wanaingilia wapi?» Mvulana akajibu: «Na seremala anauza nini barabarani? Anauza tundu?» Wote wawili walikuwa na haki. Mlango ni nafasi ya kupitia, tena ni ubao wa kuifunga nafasi hiyo. Ukisema «pita mlangoni» unasema la kwanza. Ukisema «paka mlango rangi» unasema la pili. Tuliandika maana mbili, kila moja na namba yake, kama wafanyavyo watunga kamusi. Nami nilirudi nyumbani nikawaza milango mitano ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi, nikaona kuna maana ya tatu. Hiyo niliwaachia kwa juma lililofuata.

Labda mtu atasema: yote haya ni michezo ya watoto. Basi sikilizeni habari ya wazee wawili wenye akili nyingi. Mwaka 1610 Galileo, mtaalamu wa nyota wa Italia, aliitazama sayari Zohali kwa darubini yake, akaona kama ni nyota tatu zilizokaa pamoja. Hakutaka bado kutangaza, wala hakutaka mwingine aseme ameona kwanza. Akaandika ugunduzi wake kwa Kilatini, akazichanganya herufi zake zote 37, akazituma hivyo hivyo bila maelezo. Huko Prague mtaalamu mwingine, Johannes Kepler, akakaa na herufi zile, akazipanga na kuzipangua, mwisho akapata mstari wa Kilatini uliozimaliza herufi zote 37, asibakize hata moja. Mstari huo uliwasalimu watoto wawili wa Mirihi. Kepler akafurahi: kumbe Galileo ameona miezi miwili ya Mirihi!

Lakini sivyo Galileo alivyosema. Habari yake ilikuwa ya Zohali. Herufi zilikubali, hesabu ilikubali, na maana haikuwamo. Tena katika mstari wa Kepler lilikuwamo neno moja ambalo si Kilatini cha mtu yeyote. Kijana wangu wa Jumamosi angeliulizwa maana yake na kunyimwa alama. Ajabu ni kwamba Mirihi ina miezi miwili kweli, ila ilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1877. Na zile nyota tatu za Zohali zilikuwa pete za sayari hiyo, kama alivyoeleza Mholanzi Christiaan Huygens mwaka 1659. Basi mmoja alisoma vibaya akapatia, mwingine aliona vibaya akasifiwa. Wangeweza kuandikiana barua ya kawaida, mambo yakawa mafupi.

Sasa nije kwenye habari niliyowaahidi.

Mwezi wa saba mwaka 2022, kabla ya likizo kubwa, parokia chache za jirani zilikutana kwa mashindano ya herufi. Halikuwa jambo dogo. Mtu mwema alikuwa ametoa fedha, na zawadi ya mshindi ilikuwa minervali ya muhula wa kwanza katika shule ya sekondari. Ninyi wazazi mnajua maana ya neno hilo bila kamusi. Kamati ya mashindano iliandika kanuni zake. Kanuni yetu ya kueleza maana haikuwamo. Walisema ingechelewesha watu. Badala yake waliandika: neno litapokelewa likiwa ndani ya kamusi iliyo mezani. Kamusi yenyewe ilichapwa Dar es Salaam, kamusi nzuri, ninaiheshimu.

Mwisho walibaki wawili: mvulana mmoja ambaye wazazi wake walihamia kutoka Kinshasa, na msichana mmoja wa kijiji cha kando ya ziwa. Walipewa herufi saba: A, B, E, K, M, O, S. Jaribuni nanyi. Kuna SOMA na SEMA, kuna BOMA, KOSA, KOMA, OMBA. Kuna OMBEA na KOSEA. Kuna SOMBA, kubeba mizigo kwa kwenda na kurudi. Kuna KOMBE, na kuna KOMBA, yule mnyama wa usiku mwenye macho makubwa. Kuna SOMEKA, nalo ni zuri, lina herufi sita.

Muda ulipokwisha kila mmoja alikuwa na maneno kumi na moja. Mwamuzi, mwalimu wa mjini, akafungua kamusi yake. Kwa mvulana akafuta MBOKA, kwa kuwa ni Lingala, maana yake kijiji au nchi. Yakabaki kumi. Kwa msichana akafuta SOMBE. Yakabaki kumi. Na kanuni ilisema hivi: wakilingana, mshindi ni yule aliyeweka kalamu chini kwanza. Mvulana ndiye aliyetangulia.

Msichana hakulia. Alisimama akasema kwa adabu: «Mwalimu, sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa, yanapikwa.» Mwamuzi akamwambia: «Hayo kwa Kiswahili ni kisamvu.» Nyuma ya jengo akina mama walikuwa wanapikia wageni, nao walikuwa wakisikiliza dirishani. Mama mmoja mzee, mwenye mwiko mkononi, akaita kwa sauti: «Sombe si neno? Basi hii iliyo chunguni ni nini?»

Watu walicheka, lakini mimi niliona jambo la haki. Niliomba ruhusa ya kusema. Nikasema kwamba mwaka 1928, huko Mombasa, wajumbe wa nchi zilizotawaliwa na Waingereza walichagua Kiswahili cha Unguja kiwe kipimo cha vitabu vya shule, na kamati ya kukiangalia ikaanza kazi mwaka 1930. Walikuwa na sababu zao njema. Lakini Kongo haikuwa katika nchi zao, na mama zetu hawakuulizwa majani ya muhogo wanayaitaje. Kamusi ni shahidi mwaminifu wa yale aliyoyaona. Hatuwezi kumtaka ashuhudie sokoni ambako hakufika.

Nikawakumbusha pia Padri Charles Sacleux, Mfaransa wa shirika la Roho Mtakatifu, aliyefika Unguja mwaka 1879. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa Paris mwaka 1939, naye alikuwa mzee wa miaka zaidi ya themanini. Ina kurasa zaidi ya elfu moja, na moja ya faida zake ni hii: neno likiwa la upande fulani wa pwani, anakuambia ni la upande gani. Hakusema neno la Mvita si neno kwa kuwa halisemwi Unguja. Aliliandika, akaandika na kwao.

Mwamuzi alinisikiliza vizuri, sina la kumlaumu katika adabu. Akaniuliza swali la maana: «Mwalimu, nikipokea sombe, kwa nini nisipokee mboka?» Swali hilo lina uzito, kwani majirani zetu wa Rwanda na Burundi nao husema isombe, neno hili si la Kiswahili peke yake. Nilimjibu hivi. Kijana yule akizungumza Kiswahili na bibi wa kijiji cha kwetu, akasema mboka, bibi atamwuliza maana yake. Akisema sombe, bibi atamwuliza kama mawese yapo. Neno ambalo watu husemezana kwa Kiswahili bila kuulizana maana, limekwisha kupata uraia, hata kama mama yake alizaliwa ng'ambo ya ziwa. Mboka huku kwetu bado ni mgeni. Labda kesho atajenga.

Mwamuzi akasema: «Ni kweli, lakini kanuni imeandikwa.» Na kanuni ilikuwa imeandikwa kweli. Zawadi ilikwenda kwa mvulana, ambaye hakufanya kosa lolote na alistahili kupongezwa. Kisha tukala. Chakula kilikuwa ugali, samaki na sombe. Wanasema mwamuzi alirudia sahani; mimi sikuhesabu, walihesabu wenye kupakua.

Shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa, msichana yule alibaki nyumbani. Mama yake huuza majani ya muhogo, mafungu kwa mafungu, yaliyotwangwa na yasiyotwangwa. Alitwanga kila siku mpaka usiku, na bintiye pamoja naye. Minervali ilitimia baada ya majuma matano. Mtoto akaingia darasani akiwa amekosa majuma hayo yote matano ya hesabu na Kifaransa, na hakuna kamusi iliyomrudishia.

Mwaka 2023 kamati iliibadili kanuni. Kamusi ilibaki mezani, na karibu yake likawekwa benchi la wazee watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Neno lisilo ndani ya kamusi, wazee huulizwa mmoja mmoja, mbali na wenzake. Wawili wakieleza maana ile ile, neno linapita. Na ile kanuni ya kalamu iliondolewa. Mimi ninaona kanuni hii mpya ni bora, ingawa ina taabu zake. Mtoto mmoja alitunga neno KEBOSA, akasema ni ndege. Wazee wawili walicheka. Wa tatu, kwa huruma ya kibibi, alisema huenda yuko ndege wa namna hiyo huko Fizi. Neno halikupita, lakini bibi alipendwa sana siku ile.

Neno lililotufundisha zaidi ni SAMBAZA. Kamusi inalo, tena kwa maana wazi: kutawanya, kueneza. Kijana akaeleza: «Sambaza ni samaki wadogo wa ziwani.» Mwamuzi akasema maana si hiyo. Wazee wote watatu, kila mmoja peke yake, wakasema ni samaki! Na haki yao ina tarehe. Samaki hao ni wa ziwa Tanganyika. Walitiwa katika ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960. Padri Sacleux, ambaye kamusi yake ilitoka mwaka 1939, angewaandikaje samaki wa Kivu ambao hawakuwamo Kivu? Samaki akifika mahali papya, watu lazima wamwite kwa jina. Hawangoji wachapaji.

Msichana yule wa sombe sasa ana daftari lake. Ameandika maneno ya sokoni, ya mtumbwini, ya jikoni, kila neno na maana yake, na mbele ya kila moja mahali alipolisikia. Mara nyingine huniletea nitazame. Penye SOMBE ameandika: «Majani machanga ya muhogo. Pia chakula chake, baada ya kutwangwa na kuchemshwa sana, maana mabichi yana sumu.» Hii ya sumu ni kweli, na kamusi nyingi haziisemi. Chini yake ameandika: «KISAMVU: jina la sombe huko Unguja.» Nilisoma mara mbili, nikamrudishia daftari bila kusahihisha kitu.

Na sasa, wasomaji, zamu ni yenu. Herufi ni hizi: A, A, I, K, M, S. Kateni karatasi, waiteni watoto, wazeni pamoja wakati chakula kinaiva. Yako maneno matatu yanayozitumia zote sita: moja huogelea, moja hunyesha, moja hukata. Maneno mafupi yamo mengi. Andikeni yale tu mnayoweza kueleza maana yake, na mahali mlipoyasikia. Na katika yale matatu, moja lina maana ya pili huku Kongo, ambayo limeipata kwa Lingala. Mwenye kuijua naye aiandike, tuone wazee wa benchi watasemaje.